Simbilisi Akiacha Kula: Somo la Tumbo la Mnyama Mdogo

Huenda baadhi ya wanachama wakashangaa kuona ukurasa huu, ambao kwa kawaida husomesha habari za korosho, ufuta, mizani na vitabu vya hesabu, ukitolewa safari hii kwa mnyama ambaye hata akinona hafiki kilo moja na nusu. Sababu ipo. Simbilisi hufugwa na watoto kwa kupendwa tu, na wapo watu wazima wanaomfikiria kuwa mradi mdogo wa kikundi cha akina mama au vijana, kwa kuwa hahitaji malisho mapana wala mtaji mkubwa. Lakini afapo, mara nyingi hafi kwa ugonjwa uliotoka mbali. Hufa kwa tumbo, na aghalabu tumbo hilo limeharibiwa na mkono uleule uliokusudia kumsaidia.

Uchukuliwe mfano wa nyumba moja katika kijiji kilicho karibu na mlango wa mto Ruvuma. Mtoto wa darasa la tano ana simbilisi watatu aliopewa na mjomba wake afanyaye kazi Njombe. Ni mwezi wa Juni. Baba amekwisha kupuliza salfa katika shamba lake la mikorosho, na mtoto, kwa kuona nyasi nzuri chini ya miti, amekata fungu moja na kuwapelekea wanyama wake. Siku ya pili simbilisi mmoja, yule mlafi kuliko wenzake, anaharisha na amejikunyata pembeni mwa banda, manyoya yamesimama. Baba anayo mabaki ya vidonge vya rangi mbili alivyonunua alipougua kifua. Anafungua kidonge kimoja na kumimina unga wake katika maji ya kunywa ya wote watatu, kwa hoja kwamba wale wawili wazima nao wapate kinga. Siku ya nne mgonjwa amekufa. Kabla ya juma kwisha wamekufa na wale wawili. Mtoto analia, na baba anamwambia kwamba ugonjwa ulikuwa wa kuambukiza. Jirani aliyetaka kununua jike na dume ili kuanza ufugaji anaghairi, na habari inaenea kwamba simbilisi hawafai pwani.

Ugonjwa haukuwa wa kuambukiza. Wa kwanza alidhuriwa na salfa, naye huenda angepona kwa nyasi kavu na maji safi. Wale wawili waliuawa na dawa.

Ili jambo hili lieleweke, hapana budi kulijua tumbo lenyewe. Ng'ombe na mbuzi hucheua: chakula hurudi kinywani, kikatafunwa tena. Simbilisi hacheui, na wala hawezi kutapika. Kikiingia kibaya, hakina njia ya kurudi. Ana tumbo moja dogo, kisha utumbo mwembamba, na mwanzoni mwa utumbo mpana upo mfuko mkubwa ambamo huishi vijidudu vya manufaa visivyohesabika. Vijidudu hivyo ndivyo vinavyovunja nyuzi za majani na kuzigeuza kuwa chakula cha mwili. Halafu hutukia jambo ambalo mfugaji mgeni hulichukia: simbilisi hula sehemu ya choo chake, ile laini itokayo katika mfuko huo, akiichukua kwa mdomo moja kwa moja. Si uchafu, wala si dalili ya njaa. Kwa njia hiyo hupata vitamini na protini zilizotengenezwa na vijidudu vyake. Asizuiwe.

Mfuko huo husukumwa na nyuzi ngumu za majani. Zikikosekana, mwendo wa utumbo hupungua na hatimaye husimama. Chakula kilichomo huchacha, gesi hujaa, mnyama huona maumivu, na kwa kuona maumivu huacha kula. Kwa kuacha kula, nyuzi huzidi kukosekana. Hapo ndipo tofauti yake na mbuzi ilipo. Mbuzi aweza kulala na njaa akaamka salama. Simbilisi asiyekula kwa nusu siku ahesabiwe kuwa mgonjwa, na akimaliza siku nzima yu katika hatari ya kufa. Yule asemaye, "Tumwache mpaka kesho tuone," huenda kesho asione kitu cha kuponya.

Sasa vidonge. Dawa za jamii ya penisilini, zikiwamo ampisilini na amoksisilini, pamoja na linkomaisini na erithromaisini, ni viuavijasumu vyenye sifa njema kwa binadamu. Katika tumbo la simbilisi huua vijidudu vya manufaa na kuviacha hai vile vibaya, ambavyo hujaza nafasi iliyoachwa wazi na kutoa sumu kali. Mnyama huharisha na kufa baada ya siku chache, hata kama alipopewa dawa alikuwa mzima kabisa. Wataalamu walilijua jambo hili tangu mwaka 1943, penisilini ilipokuwa ingali mpya duniani. Jaribio mashuhuri la dawa hiyo lililofanyika Oxford, Uingereza, mwezi wa Mei 1940, lilitumia panya wanane wadogo. Wanne waliotibiwa walisalimika na wanne wasiotibiwa walikufa. Wapo waliosema baadaye kwamba ilikuwa bahati ya wanadamu kuchaguliwa panya, maana kama wangechaguliwa simbilisi, huenda dawa iliyookoa mamilioni ya watu ingetupwa kuwa ni sumu. Viko viuavijasumu ambavyo mtaalamu wa mifugo humpa simbilisi pasipo madhara, lakini kuvichagua na kuvipima ni kazi yake yeye. Katibu wa chama chenye duka la pembejeo asikubali kuuza kidonge cha aina yoyote kwa ajili ya mnyama huyu kwa kuambiwa tu kwamba "anaharisha". Heri mteja akasirike.

Asili ya simbilisi ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, nchi za Peru na Bolivia, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Huko ni juu na ni baridi. Katika Tanzania anajulikana zaidi Iringa, Njombe na Mbeya, ambako pia hakuna joto kali. Huko Kivu ya Kusini, mashariki ya Kongo, hufugwa jikoni na kulishwa majani na mabaki ya mboga; na tangu vita vya miaka ya 1990 vilipowapokonya watu ng'ombe na mbuzi wao, mnyama huyu mdogo amekuwa kitoweo na fedha ya dharura kwa nyumba nyingi, kwa kuwa ni rahisi kumficha na kumbeba. Habari hizi zatosha kuonyesha kwamba si mnyama wa kuchezewa tu. Lakini zaonyesha pia kwamba afikapo Mtwara, Msimbati au Kilambo, yuko ugenini, na mfugaji wa pwani hawezi kuiga kila afanyalo mfugaji wa Njombe.

Jambo la kwanza la ugeni huo ni joto. Kuanzia Novemba hadi Machi hewa ya pwani hii ni nzito na joto hufika nyuzi 30 na kuzidi. Katika joto hilo simbilisi hupunguza kula, na akipunguza kula, yale yaliyoelezwa juu ya utumbo huanza. Banda la bati lililopigwa jua la saa nane mchana ni tanuri. Liwe chini ya mwembe, au liezekwe kwa makuti, lenye upepo wa kutosha na sakafu kavu. Maji yasikosekane hata saa moja.

Ya pili ni salfa. Ugonjwa wa ubwiriunga ulipotambuliwa katika mikorosho ya Tanzania mwaka 1979, na baadaye unga wa salfa ukawa kinga yake kubwa, mashamba ya mkoa huu yalipata desturi mpya: kati ya Mei na Agosti, nyakati nyingine kupita hapo, miti hupulizwa tena na tena. Mkulima hutazama maua ya juu. Mtoto akataye nyasi hutazama chini, na chini ndiko unga mwingi huangukia. Salfa ikiliwa kwa wingi huuchafua utumbo na kuharisha. Wengine hutumia dawa za maji badala ya unga, na baadhi ya hizo ni kali kuliko salfa. Kwa hiyo katika miezi hiyo nyasi zisikatwe chini ya mikorosho iliyopulizwa wala pembezoni ambako upepo huelekea. Ni kweli kwamba kwa mtu ambaye shamba lake lote ni mikorosho jambo hili si jepesi. Lakini mabonde ya Ruvuma yana majani, kando za njia zina majani, na eneo la hatua kumi kwa kumi nyuma ya nyumba, likioteshwa majani tembo au nyasi za ginea, hulisha simbilisi kadhaa wa mtoto.

Ya tatu ni mabibo. Kuanzia Oktoba ardhi hujaa mabibo, nayo yana vitamini C nyingi kupita machungwa, jambo ambalo, kama itakavyoelezwa, simbilisi analihitaji sana. Hapo mtu hushawishika kumjazia banda zima. Asifanye hivyo. Bibo limejaa sukari, na sukari hiyo ikifika katika ule mfuko wa utumbo mpana huchacha. Wazee wanaoujua uraka hawahitaji maelezo marefu: yale yatokeayo katika mtungi kwa siku mbili hutokea pia tumboni, isipokuwa mtungi unayo nafasi ya kupumua. Kipande chembamba cha bibo bichi, lisilooza, mara moja au mbili kwa juma, kinatosha. Lililolala chini usiku kucha lisitolewe kabisa.

Kisha huja mvua za Desemba. Wanyama waliokula nyasi kavu miezi mingi huletewa ghafla majani mateke yenye maji, na banda zima huharisha. Majani mapya yaanze kwa konzi moja, yachanganywe na makavu, yaongezwe kidogo kidogo kwa muda wa juma moja hadi siku kumi. Yaliyokatwa na kurundikwa mpaka yakapata joto hayafai, hata kama yangali ya kijani. Maganda ya muhogo na kisamvu kibichi, ambavyo viko katika kila ua wa mkoa huu, vina sumu ambayo binadamu huiondoa kwa kuloweka, kukausha na kupika. Simbilisi hapikiwi, basi asipewe. Pumba zilizoota ukungu, ambazo katika unyevu wa pwani ni nyingi, huweza kuwa na sumukuvu, nazo zitupwe.

Chakula cha kila siku kiwe nyasi, na nyasi ziwe mbele yake usiku na mchana. Zikatwe kabla ya kukomaa mbegu, zitandazwe kivulini siku mbili au tatu huku zikigeuzwa, kisha ziwekwe juu ya chanja mahali pakavu, pasipofikiwa na panya, kwa kuwa panya huleta vijidudu vya kuhara katika chakula cha simbilisi. Nyasi ngumu husaga meno pia. Meno ya mnyama huyu hukua maisha yake yote, na yasiposagwa hurefuka na kumzuia kutafuna. Huyo huonekana akikimbilia chakula, akakiweka mdomoni na kukiangusha, kidevu kimelowa mate. Wengi hudhani ni tumbo. Ni meno, na mtaalamu huweza kuyakata.

Juu ya nyasi aongezwe konzi moja ya majani mabichi: mchicha, matembele, au kipande cha pera. Sababu ni kwamba simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Huhitaji miligramu 10 hadi 30 kwa siku. Akikosa kwa majuma kadhaa hupata kiseyeye: viungo huvimba, ufizi hutoka damu, hataki kutembea, na mara nyingi huharisha au huacha kula. Atakayetibu tumbo hilo bila kutoa mchicha atatibu mpaka mnyama afe.

Wanachama wa mkoa huu hawahitaji kufundishwa thamani ya mizani. Wamekwisha kugombana juu yake vya kutosha. Basi itumike na hapa. Simbilisi apimwe kila juma kwa mizani ndogo ya jikoni au ya dukani na uzito uandikwe katika daftari. Mnyama wa gramu 800 aliyepoteza gramu 80 kwa juma ana ugonjwa mkubwa hata kama macho yake yangali maangavu, maana viumbe wanaowindwa huficha udhaifu wao. Dalili nyingine ni choo. Mzima hutoa punje zaidi ya mia moja kwa siku, kavu, za umbo moja. Zikipungua, zikiwa ndogo au zikiungana kama shanga, utumbo unazorota. Tumbo nalo lipapaswe taratibu. Lililo zima ni laini. Lililojaa gesi ni gumu na likigongwa kwa kidole hulia kama ngoma.

Simbilisi akikutwa ameacha kula lakini tumbo lake ni laini, kazi ianze saa ileile. Atengwe mahali pa kivuli, tulivu, awekewe nyasi nzuri kuliko zote zilizopo na majani ayapendayo. Asipogusa, alishwe kwa mkono. Nyasi kavu au majani ya mchicha yatwangwe, yachekechwe, yachanganywe na maji safi mpaka yawe uji mwepesi upitao katika bomba la sindano lililoondolewa sindano yake. Ashikwe akiwa amesimama kwa miguu yake, kamwe asilazwe chali, na ncha ya bomba iingizwe ubavuni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele. Atiwe kidogo sana, angojewe ameze, kisha atiwe tena. Mnyama wa karibu kilo moja hupewa mililita 5 hadi 10 kila mara, mara tano au sita kwa siku, na usiku nao uhesabiwe. Ni kazi ya subira. Anayeharakisha huujaza uji mapafuni na kumuua mgonjwa aliyekuwa akipona.

Ikiwa tumbo ni gumu kama ngoma, asilishwe kwa nguvu hata kidogo. Chakula kitaongeza mzigo juu ya mzigo. Huyo apelekwe kwa mtaalamu wa mifugo upesi, kwani saa chache ndizo zitakazoamua. Jike mwenye mimba naye, ambaye huichukua kwa siku 68 hivi, akiacha kula katika majuma ya mwisho asingojewe.

Kwa anayeharisha, majani mabichi na matunda yaondolewe kwa siku moja, lakini nyasi kavu zisiondolewe. Kumnyima chakula mnyama anayeharisha, kama wengine wafanyavyo kwa mbwa, ni kumuua huyu. Maji yawe mengi na safi, na apewe kwa bomba matone ya ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini ambayo huuzwa kwa ajili ya watoto, ikiwa imechanganywa kwa kipimo kilichoandikwa. Sehemu za nyuma zisafishwe na kukaushwa, maana nzi wa pwani hawachelewi kutaga. Kuhara kukiwa na damu, au kukiendelea kupita siku moja, au kukiwapata wengi kwa pamoja, hilo si la nyumbani tena.

Pa kwenda papo. Kila kata yafaa katibu ajue ofisa mifugo wake anapatikana wapi na siku gani, na kwa vifo vya wengi kwa mara moja mjini Mtwara kiko kituo cha uchunguzi wa magonjwa ya mifugo. Ofisa huyo huenda ametibu ng'ombe mia na simbilisi hata mmoja bado. Asionewe haya kuambiwa waziwazi: "Bwana ofisa, huyu hapewi penisilini." Mtaalamu mwema atashukuru. Aelezwe pia mnyama alikula nini siku tatu zilizopita, nyasi zilitoka shamba gani na kama shamba hilo lilipulizwa, choo kilikuwaje, uzito ulikuwa kiasi gani. Daftari la mtoto wa darasa la tano, likiandikwa vizuri, litamsaidia zaidi kuliko maneno mengi ya baba.

Kuhara kwa baadhi ya wanyama hawa huweza kuambukiza watu, hasa watoto wadogo na wazee. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika mgonjwa au kufagia banda, na vyombo vyake visiingie jikoni. Aliyekufa kwa tumbo asiliwe, wala asitupiwe mbwa. Azikwe chini zaidi ya urefu wa mkono, mbali na kisima. Banda lisafishwe, likaushwe juani siku kadhaa, ndipo lipokee mwingine.

Chama kinachokusudia kuanzisha mradi wa simbilisi kwa kikundi chake kisianze kwa kununua wanyama. Kianze kwa kuotesha majani mahali pasipofikiwa na salfa, na wanyama waletwe baada ya majani hayo kukatwa mara ya kwanza na kukaushwa. Wakitoka nyanda za juu wasafirishwe katika miezi ya baridi, Juni au Julai, pamoja na gunia la nyasi walizozoea, ili zichanganywe na za hapa kwa siku kumi za mwanzo.